Jiwe la kijani la Sifa

Mujukuu wangu Bahati,

Huku Masisi tuko wazima, na ngombe ya madoa imezaa. Unauliza lile jiwe la kijani mu sanduku yangu lilitoka wapi. Nilimuibia Sifa, jirani yetu, tukiwa wasichana.

Ngombe yake ilipita yetu kwa maziwa. Muzungu mutafuta-mawe alimuambia Sifa jiwe lile aliokota mulimani iko na fosfati, nguvu ya mifupa. Wivu ikanikaba. Nikawaza ndiyo siri ya maziwa yake; nikaliiba, nikalisaga kidogo, nikachanganya na chumvi ya ngombe yetu. Ngombe ikanusa, ikageuka, chumvi yote ikaharibika.

Asubuhi Sifa akaleta kibuyu cha maziwa. “Dada, nasikia ngombe yenu imekataa chumvi. Mukunywe.”

Nilikunywa, jiwe lake likiwa mu kitenge changu. Wivu ya ngombe iliisha pale. Wivu ya ule moyo wake muzuri, ningali nayo.

Koko yako