Mama Mkwe Amepewa Zamu ya Hadubini

Mpendwa mshauri, pokea salamu nyingi kutoka kwangu na nyumba yangu. Natumaini u mzima, na macho yako hasa yanaona vizuri, maana habari yangu leo ni ya macho. Mimi mzima kiasi, ila usingizi umenipaa.

Naomba msaada wako. Mimi ni baba wa makamo, naosha vyombo katika maabara inayochunguza magonjwa ya macho, na maabara yenyewe ni ya pamoja, vyuo kadhaa vinatumia mashine zilezile, kila mtafiti anaandika zamu yake kwenye ubao wa ukutani, hasa zamu ya hadubini kubwa, ambayo watu wazima na shahada zao wanaigombania kama watoto na bembea. Binadamu hatibiwi pale. Wagonjwa wetu ni panya.

Sasa mama mkwe, mama mzazi wa mke wangu, aliwahi kuniuliza nafanya kazi gani, nikamjibu, “Mama, tunashughulika na macho.” Si uongo, Mungu ni shahidi, lakini lile “tunashughulika” nililivalisha koti jeupe. Siku hizi mama anaona ukungu, mwenyewe anasema ni mtoto wa jicho, amehamia kwetu, na juzi alilikaribisha koti langu lililotundikwa mlangoni, akaliuliza habari za kazi, lilipokaa kimya akamlalamikia mke wangu kwamba nimeanza dharau. Mke wangu anataka kumpeleka kliniki ya macho, iko mtaa wa pili tu, mama kakataa katakata: “Nikashikwe na watu baki, na mkwe wangu yupo?”

Nikasema mashine ina foleni. Akasema, “Basi niandikie zamu, baba. Mimi si mtu wa kuruka foleni.” Akawa ananiuliza kila jioni, na mimi, ili nisizidi kuwa mwongo, nikashika kalamu nikaandika ubaoni: Alhamisi asubuhi, Mama Mkwe.

Mshauri, nilidhani watacheka wafute. Hawakufuta. Kila mmoja alidhani ni jina la utafiti wa wenzake, maana wana majina ya ajabu kuliko hilo, na mmoja amesogeza zamu yake kumpisha. Jana mkuu wa maabara kaniuliza, “Hawa Mama Mkwe wanaleta sampuli ngapi?” Nikajibu mbili.

Nyumbani mama ameshapiga pasi gauni. Nikisali namwomba Mungu amponye kabla ya Alhamisi, kisha naona haya, kwa kuwa ombi lenyewe ni la kuniokoa mimi. Nikisema kweli, nitamtazamaje mkwe usoni? Au nimpeleke tu achungulie hadubini, aridhike? Tafadhali nijibu mapema.

Mtu wa Macho

MSHAURI ANAJIBU

Mtu wa Macho, mimi mzima, asante. Pole pia. Nilicheka mpaka nilipofika kwenye lile koti. Anayekaribisha koti leo, kesho atashuka ngazi isiyokuwepo.

Na nani kakuambia ni mtoto wa jicho? Umempima kwa brashi ya chupa? Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji, na wengi huona tena. Lakini yapo magonjwa yanayokula nuru kimyakimya, na ikishaliwa hairudi. Unachezea macho ya mama wa watu ili usijulikane kuwa mwosha vyombo. Kuna aibu gani? Chombo kichafu kingewaonyesha nini hao wenye shahada?

Habari ya kuchungulia hadubini, usithubutu. Atakuambia ameona ukungu, nawe utamjibu nini?

Leo hii, mkeo akiwepo, sema: “Mama, mimi naosha vyombo. Kwetu wanatibiwa panya.” Usiongeze neno. Atanuna, mwache anune. Kesho kafute ubao, umwombe radhi yule aliyempisha mkweo, na uombe ruhusa ya Alhamisi. Asubuhi hiyo, gauni si limeshapigwa pasi, mshike mkono mwende kliniki, ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe. Alichokitaka ni mkwe awe karibu, hadubini hakuiomba. Zamu ulimwahidi, basi mpe ya kweli.

Unauliza utamtazamaje usoni. Ndugu yangu, omba Mungu mama ndiye akutazame, akuone sawasawa. Na lile koti liondoe mlangoni leo hii, limeshapokea salamu zilizokuwa zako za kutosha.