Fezi Tatu, Zote Nyeusi

Baba Zainabu, rafiki yangu,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini mdomo umezoea.

Tangu tukuzike Lupaso, chumba cha seva hapa Newala kimenishinda. Matanga hayajaanuliwa, tajiri wetu alileta wapaka rangi. Unamjua, mnunuzi wa korosho, biashara zilipoachiwa huru akafungua na ofisi ya intaneti, anataka kila kitu king'ae. Wapaka rangi wakaona vile vitambaa vya kanga ulivyofunga kwenye nyaya, chekundu, cha njano na cha buluu, wakadhani uchafu. Wakavitupa. Sasa fezi zote tatu, zile nyaya kuu za umeme, nyeusi tii, haijulikani ipi ni ipi.

Ile kazi ya kutambua waya upi ni wa swichi ipi ni ya watu wawili. Mimi nazima kwenye boksi kuu, wewe ndani unapaza sauti, "Imelala!" au, "Bado, Mmakonde! Umeshika nini huko?" Jana nilizima swichi moja peke yangu, nikakimbia ndani kutazama, kabla sijamaliza tajiri akaja juu, washa haraka! Nikawasha. Nikakaa chini nikalia, mwenzangu. Mtu mzima, bisibisi mkononi.

Kiyoyozi kipya nacho kimechomekwa upande uleule wenye seva. Nimepima: waya mmoja unabeba karibu mzigo wote, hizo mbili nyingine zimekaa bure. Ganda la huo mmoja limeanza kulainika kwa moto. Nimemwomba tajiri tuzime tugawe mzigo, anasema wateja watahamia Masasi. Nimerudia kumwomba, kaniambia uzee umeniletea uoga.

Na anayekaa humo, kiti chake chini ya waya huo, ni Zainabu wako. Kaajiriwa juzi. Ana furaha, Baba Zainabu, laiti ungemwona! Nilipomweleza hatari akacheka, "Baba mdogo, mbona humu baridi tu!" Wewe ungemwambia neno moja akanyanyuka.

Kesho mchana, ofisi ikiwa imejaa watu, maana usiku funguo anazo tajiri, nitazima swichi kuu bila ruhusa nigawe mzigo, na boksi nitalitia kufuli asije akawasha. Nikifukuzwa, nifukuzwe. Sijui fezi ipi ni ipi, sijui nitaanzia wapi, na wa kunipazia sauti sina. Naogopa, sikufichi.

Mola akulaze pema, ndugu yangu. Sina ninaloliweza ila hili, nakuahidi: kabla sijagusa swichi nitamtoa mwanao humo, hata kwa kumburuta.

Mwenzio,
Baba Somoe