Nukta Saba za Rongui

Baba,

Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike kwenu Rongui, nami nikisikia taipu inagongwa bado nageuka. Hapa Pemba mjini, ofisi ya elimu ya mkoa, wametuletea kompyuta, na binti yako ndiye aliyefundishwa kuiendesha. Ungecheka. Naiandikia maagizo, nayo inachora chati kwenye kioo kwa nyota tupu, kama ulivyochora wewe chati za ripoti za wilaya kule Palma kwa herufi x za taipu, mimi pembeni nakuhesabia.

Mwezi uliopita nilichora chati ya madarasa ya watu wazima. Nyota moja, watu kumi. Quionga ikajaa nyota, Pundanhar zikawa chache. Rongui, mstari mtupu. Wanafunzi wa Rongui ni saba, na mimi nilikuwa nimeiagiza mashine igawe kwa kumi, mabaki iyatupe. Niliona, Baba. Nikasema si kitu. Mkuu wetu, kamarada wa chama mwenye haraka zake, akaitazama chati ilipochapwa karatasini: "Rongui hamna watu. Mwalimu ahamie Pundanhar."

Siku mbili nililificha kosa langu. Niliogopa kuambiwa mwanamke kashindwa na mashine. Lakini kila nikiinama kuandika nakusikia: "Mtu mmoja si bure, mwanangu. Mpe japo nukta." Wewe kila aliyebaki ulimgongea nukta yake, hata wenzio wakikuona unachelewesha kazi.

Siku ya tatu nikamwendea, nikamwambia kosa ni langu, si la mashine. Alinigombeza mbele ya watu. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kuandika maagizo upya: anayebaki apate nukta. Nukta saba zikajipanga mbele ya jina la Rongui. Mwalimu hakuhamishwa.

Kuna jambo sijakwambia. Nukta moja katika zile saba ni mama. Alipotoka eda aliingia darasani, yeye aliyejua herufi za Kiarabu za chuo cha Kurani tu, ambaye barua zako za safarini alisomewa na jirani, na mengine ukaona haya kuyaandika.

Barua hii nampelekea yeye. Atakuja hapo ulipolala akusomee mwenyewe, kidole juu ya mstari.

Kwaheri, Baba yangu. Mungu akulaze pema. Nakuahidi, mkononi mwangu hatatupwa mtu tena.

Mama akikwama kwenye neno, msubiri.