Alama ya Kutoa Niliyoiruka

Jumanne, jioni

Ukiliokota daftari hili, nakuomba usimwambie mtu hata neno moja.

Mimi ndiye ninayemchapia Dokta Koku. Anatafuta kuonyesha kwamba fizikia ya nadharia na hisabati tupu huishia kwenye jibu moja. Leo amekokotoa kwa nakala niliyochapa, majibu yakapishana.

"Miaka tisa najidanganya, mwanangu," alisema. "Kesho nachoma yote."

Baadaye nikafungua mswada wake wa mkono, nikaiona alama ya kutoa niliyoiruka nikidhani ni doa la chai. Sasa naiona kila mahali. Hata ziwa, nikilitazama kutoka huku Nyegezi, limelala kama mstari ule ule.

Nimepenyeza karatasi chini ya mlango wake: "Shikamoo Dokta. Kosa ni langu, ukurasa wa nane. Usichome. Nipo masjala, chumba cha mwisho. Gonga sana, maana nitaogopa kufungua."