Shela Nyeupe Mbele ya Shuka Nyeupe

Mama Mado,

Naomba unishauri upesi, maana Ijumaa Bibi Hawa anahamia kwa binti yake Kabambare na sitaki aondoke akiniona adui. Mimi ni mpiga picha hapa Kasongo, Mkristo, na Bibi Hawa ni jirani yetu Mwislamu aliyenilea mama alipougua, sasa alitaka picha ya kuwaachia wajukuu, akavaa kanzu nyeupe na shela nyeupe, nikamketisha mbele ya shuka yangu nyeupe, nikapiga, nikaitia kwenye ordinatere, kompyuta yangu ya studio, ambako shemeji yangu Dady aliniwekea programu inayokata yenyewe kingo tupu za picha, nikachapa, nikafunga bahasha bila kutazama, na walipoifungua kwa Bibi mbele ya wageni ulikuwa uso tu, kuanzia paji, shela hakuna! Mwanawe Djamali akaja studio: "Aurélie, mama yangu ulimuvua shela mbele ya watu!" Nikamwambia ni mashini, akacheka: "Mashini yako iko na dini?" Bibi mwenyewe, nikipita, anageuza kiti. Dady anasema programu haikosei, eti nilipiga karibu mno, na kweli Mama Dieudonnée naye alishalalamika kabla ya hapo kwamba kwenye picha ya komunyo ya binti yake shela haionekani, basi nafikiri kufunga studio.

Aurélie

*

Aurélie,

Hufungi studio. Pole kwa kiti kile. Najua kinauma kuliko kelele za Djamali. Lakini unampaje mtu bahasha ambayo hukutazama kilichomo? Hilo ni lako.

La programu ni hili. Inatazama rangi ya ukingoni, kisha inakata mpaka ikutane na rangi nyingine. Ukingoni kuna shuka nyeupe, chini yake shela nyeupe. Rangi nyingine ya kwanza kutoka juu ni paji la uso la Bibi. Hukupiga karibu.

Na ushahidi umeuandika mwenyewe ukaupita. Binti wa Mama Dieudonnée alivaa nini siku ya komunyo? Alikaa mbele ya shuka gani? Mkristo alikatwa kabla ya Mwislamu.

Leo fungua kamera. Kama hukufuta, picha nzima bado imo. Ichape bila kupitia programu, na safari hii itazame. Mwombe Mama Dieudonnée mwende pamoja na picha ya binti yake, Djamali aione. Dady abaki nyumbani. Usianze na habari za mashini: anza kwa kumwomba Bibi msamaha, kisha mpe picha yake. Kama ulifuta, beba kamera na kitenge cha bluu, umpige upya pale pale barazani kwake. Kitenge hicho kikae nyuma ya kila anayevaa nyeupe, na programu hiyo izimwe.

Mtu aliyekukasirikia kabisa angekuwa ameshairudisha ile picha. Nenda kabla ya Ijumaa, na ukifika, kaa upande ule kiti chake kinakotazama.

Mado