Mafuta ya Samaki Uliyonipaka Tumboni

Kwako Mami uliyetutoka,

Leo Wanjiru amekula yai zima. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kabla hata ya salamu.

Unakumbuka dada yake, Nekesa, alivyovimba midomo kwa kijiko kimoja cha yai, jikoni kwako Kiminini? Wewe ulipiga nduru, mimi nikashindwa hata kuvaa viatu. Tangu siku hiyo kila mlo wake ulinitia kiwewe. Nilipopata mimba ya pili, muuguzi wa kliniki kule Bungoma aliniambia kwamba mafuta ya samaki wakati wa mimba huenda yakapunguza mzio kwa watoto wengine. Nikanunua chupa ya vidonge vyenye mafuta hayo ndani.

Na wewe samaki hukutaka hata kumsikia. Mume wangu alipoleta omena, ulimtuma akale nje na paka. Ulipoona picha ya samaki kwenye ile chupa ukaichukua ukaingia nayo chumbani, nikadhani umekasirika. Asubuhi nikakukuta umetoboa vidonge kwa sindano, mikono inang'aa, unanuka soko zima la samaki.

"Lala hapo," ukasema. "Mafuta ni ya kupaka. Na mtoto si ako tumboni? Mdomo ni ya nini?"

Ukanipaka tumbo lote. Nilicheka mpaka mtoto akarusha mateke.

Hukuridhika hadi ukaenda kumuuliza muuguzi mwenyewe. Yeye hakucheka.

"Mama, hii ni ya kumeza. Harafu msiweke matumaini mingi. Inaweza saidia, inaweza kosa."

"Na ikikosa?"

"Mtamtunza tu vile mnatunza huyo mwingine."

Basi vidonge vilivyosalia nikavimeza. Ulituacha kabla Wanjiru hajazaliwa. Jina lako alilipata, kama desturi yetu inavyotaka.

Daktari alimpima kwanza, akatuambia tuanze na kipande kidogo cha yai. Sijui kama ni vidonge au ni bahati tu. Daktari naye hajui, na amesema hivyo waziwazi. Nekesa bado hagusi yai, na hilo linaniuma.

Wanjiru alipomaliza yai lake leo, nikamkagua midomo. Iko sawa. Furaha ikanizidi, nikasahau kabisa kwamba hupo, nikageukia mlangoni nikaita, "Mami! Kuja uone!"

Kwa kuwa ana jina lako, naye tunamwita Mami. Akaitika nyuma yangu, "Niko hapa."

Pumzika, Mami. Nimekukosa sana.

Binti yako uliyemwoza Misikhu