Pipi Haachwi Peke Yake

Jumanne jioni

Eti namtesa mbwa. Mimi!

Asubuhi nilikwenda Kibirizi kununua dagaa, nikamfungia Pipi ndani, maana wale mbwa wakubwa wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wangemmeza kama tonge. Niliporudi saa nane, jirani alikuwa ameshampigia Neema huko Dodoma: mbwa wako analia tangu asubuhi.

Binti yangu akanipigia. Hata shikamoo haikutoka.

"Mama, si nilikwambia mbwa wa aina hii haachwi peke yake? Anaugua kwa upweke, anaacha hata kula!"

Mwenye nyumba wake ndiye aliyekataa mbwa. Neema akampakia kwenye basi, ndani ya boksi, kondakta akanikabidhi. Mwenyewe hakuja; mwaka wa tatu huu hajakanyaga hapa kwangu Katubuka. Mimi ndiye ninayemchana Pipi manyoya kila siku yasisokotane, nampangusa machozi, namchemshia mgebuka bila chumvi na kumtolea miiba mmoja mmoja.

"Umenisikia, Mama? Usimwache zaidi ya saa mbili."

"Nimekusikia, mwanangu."

Nilitaka kumuuliza hayo ya upweke kayajulia wapi. Lakini angekasirika, na akikasirika hapigi mwezi mzima.

Nimemwekea Pipi samaki wake, kala nusu tu. Kesho jirani atalitangaza na hilo.

Mimi siku ya nne leo sahani yangu inabaki vilevile. Hakuna aliyempigia Neema.